Gelai, Julai 2007: ufa uliotembea kimyakimya kabla haujatutikisa

Aliyekuwa Arusha au Nairobi katikati ya Julai 2007 hahitaji kukumbushwa ile wiki. Ardhi ilikuwa inatikisika asubuhi, mchana, usiku, unalala unaamshwa, umekaa unakunywa chai kikombe kinaanza kulia kwenye kisosi. Mimi nilikuwa Arusha, nyumba ya kupanga, na kitu nilichokuwa nakiangalia kila saa ni ndoo ya maji iliyokaa mlangoni mwa jiko, maana niligundua kuna mitikisiko mingine midogo sana ambayo miguu haiisikii kabisa ila ukitazama maji unaona yanachora viduara vidogovidogo kutoka pembeni kwenda katikati, halafu yanatulia. Nikawa nahesabu. Siku moja nilifika 11 kabla ya saa sita mchana nikaacha.

Halafu tarehe 17, jioni ya saa 11 hivi, ikaja kubwa kuliko zote. Ukubwa wa 5.9. Milango ya kabati ilifunguka yenyewe, jirani alitoka na mtoto mgongoni bila viatu, mtaa mzima ukawa barabarani. Nairobi, ambayo iko kama kilomita 160 kutoka pale tetemeko lilipoanzia, watu walishuka ngazi za maghorofa wakasimama nje wakagoma kurudi ofisini.

Mtaani maelezo yalikuwa mawili tu. Wapo waliosema ni mwisho wa dunia, na wapo waliosema Lengai, ile volkano ya karibu na Ziwa Natron, anataka kulipuka na ndiye anayetutikisa. Mimi nilikuwa kundi la pili, na Lengai alipoanza kweli kurusha majivu mwezi wa tisa nikaona bas, si tulisema. Ilinichukua miaka kuja kuelewa kwamba tulikuwa tumeigeuza stori kichwa chini miguu juu. Mlima haukuanza. Aliyeanza ni ufa, na ufa wenyewe ulianza kutembea bila kutikisa mtu yeyote, na ile mitikisiko tuliyokuwa tunaihesabu kwenye ndoo ilikuwa sehemu ndogo tu ya kilichokuwa kinatokea chini. Ndio maana nataka nikieleze hiki kisa chote kwa kirefu, kwasababu ni kimoja kati ya visa vizuri kabisa duniani vya kuonyesha ufa unavyozaliwa na unavyosogea, na kimetokea hapahapa kwetu, na wengi wetu tuliokisikia kwa miguu yetu hatujui nini kilitupita.

Tuanze na mahali. Ukitoka Arusha kwenda kaskazini unaelekea Longido, ukikata kushoto unaingia nchi kavu ya vumbi jeupe mpaka Ziwa Natron, mpakani karibu na Kenya. Upande wa magharibi wa ziwa kuna ukuta mrefu wa mwamba unaopanda mamia ya mita, umenyooka kama umechongwa. Kusini mwa ziwa ndio kasimama Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Kimaasai, mwembamba, mkali, peke yake. Na upande wa kusini mashariki wa ziwa kuna mlima mpana, mzee, wenye majani, hauna moshi wala sifa, unaitwa Gelai. Wageni wengi wanaupita wakiwa wanaukodolea macho Lengai. Sa huo Gelai ndio ulikuwa katikati ya kila kitu, kama kilomita 20 na kitu kutoka Lengai.

Ule ukuta wa magharibi watu wengi wanadhani ni mlima umeliwa na mto. Hapana. Ule ni uso wa ufa. Upande mmoja wa ardhi umeshuka, mwingine umebaki juu, na hiyo ngazi unayoiona ni jumla ya kushuka kote huko, kidogokidogo, kwa muda wa miaka kama milioni 3. Haukushuka siku moja. Ni tetemeko moja mita moja, likapita karne na karne kimya, tena nusu mita, tena kimya. Ukiingia kwenye korongo la Engare Sero, lile lenye maporomoko ya maji, unatembea katikati ya huo ukuta na unaona lava za zamani zimelala tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye hotpoti. Tabaka za namna hiyohiyo zipo pia upande wa chini, zimezama chini ya tope la ziwa.

Ufa ni nini hasa. Kwa Kiswahili neno moja linabeba vitu vingi, ufa wa ukutani, ufa wa kisigino, Bonde la Ufa, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwasababu mtu akisikia ufa anawaza nafasi, tundu, kitu kimeachama. Ufa tunaouongelea hapa kwa kawaida haujaachama hata kidogo. Pande mbili za mwamba zimebanana kwa uzito wa kilomita nzima za mawe yaliyo juu, huwezi kupitisha wembe. Kinachoufanya uitwe ufa ni kwamba upande mmoja umeshawahi kuteleza dhidi ya mwingine. Kama kuna mpasuko lakini hakuna kilichosogea huo ni mpasuko tu. Ukipata bahati ya kuona uso wa ufa uliofukuliwa, labda kwenye machimbo ya mawe au barabara iliyokatwa mlimani, utaona mwamba unang'aa kama umepigwa msasa na una michirizi iliyonyooka yote inaelekea upande mmoja, na katikati kuna unga laini kama wa mashineni, ndio mwamba uliosagwa na mwenzake. Pitisha kidole kufuata michirizi, unakuwa umefuata njia ile ile ambayo mlima ulipita.

Na unazaliwaje? Chukua ugali. Ukiwa wa moto ukiuvuta unanyumbuka, unakonda katikati, haukatiki haraka. Acha ulale mpaka asubuhi, ukauke juu, halafu uuvute, unapasuka. Ganda la dunia liko hivohivo. Sehemu ya juu ni baridi, inapasuka. Chini zaidi kuna joto na mgandamizo, mwamba unanyumbuka polepole kama ugali wa moto. Mpaka kati ya hizo sehemu mbili haulingani kila mahali, na kaskazini mwa Tanzania uko chini sana kwasababu ganda letu ni nene na limepoa, ndio maana maeneo ya Manyara kuna matetemeko yanatokea kilomita 20 mpaka 30 na zaidi chini, wakati Natron mengi yako juujuu.

Mwamba ukivutwa haupasuki pote kwa mpigo. Kwanza ndani yake tayari kuna kasoro, chembe mbili ambazo hazikushikana vizuri, mpasuko mdogo wa zamani wa lava ilipokuwa inapoa, mshipa wa maji. Mvuto unajikusanya kwenye ncha za hizo kasoro. Zinarefuka kidogo. Mbili zilizo jirani zinaungana, kisha tatu, na mwisho inapatikana njia moja ndefu iliyo dhaifu kuliko mwamba wa pembeni, na tangu siku hiyo kila mvuto mpya utaishia hapo, kwasababu ni rahisi kuteleza pale palipokwishapasuka kuliko kuvunja mwamba mzima. Ndio maana nyufa huwa zinarudiarudia palepale. Ukiangalia ramani ya sakafu ya bonde kati ya Natron na Magadi utaona nyufa ndogondogo mamia zimepangana zote zinaelekea kaskazini na kusini kama mistari ya daftari, nyingi zinakaribiana ncha kwa ncha, ziko kwenye hiyo hatua ya kuungana.

Aina za kusogea ni tatu kubwa. Ardhi ikibanwa, upande mmoja unapandishwa juu ya mwingine, huko ndio Himalaya. Ardhi ikipishana ubavu kwa ubavu, kama lile la Uturuki Februari 2023 la 7.8, barabara na uzio vinakatika na kuhama pembeni. Na ardhi ikivutwa, upande mmoja unateremka kwenye mteremko wa ufa, na huyu ndiye wetu. Afrika Mashariki tunavutwa. Upande wa Somalia unaondoka mashariki taratibu kutoka upande mkubwa wa Afrika, na eneo la Natron kasi yenyewe ni milimita chache tu kwa mwaka. Kucha ya mkono inaota kama milimita 3 kwa mwezi, kwahiyo ukuaji wa kucha yako wa mwezi mmoja ndio bonde linavyopanuka mwaka mzima. Ni kidogo, lakini halilali.

Sasa hapa watu wengi tunakosea. Tunadhani kama bonde linapanuka milimita 3 kwa mwaka basi ufa nao unateleza milimita 3 kwa mwaka. Ingekuwa hivyo tusingekuwa na matetemeko. Msuguano unaushika. Ardhi ya mbali inaendelea kusogea, ardhi ya karibu na ufa inabaki imeshikwa, kwahiyo mwamba wenyewe unapinda, unahifadhi mvuto kama manati, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku mvuto unashinda msuguano. Kuna njia mbili za kuachia. Jaribu kusukuma kabati zito kwenye sakafu kavu, linagoma, linagoma, halafu linaruka kwa kishindo na kupiga kelele, hilo ndio tetemeko. Mwaga maji ya sabuni chini ya miguu yake halafu usukume tena, linakwenda taratibu, bila kelele, mpaka linafika ulipotaka. Kabati ni lile lile na limesogea umbali ule ule. Tofauti ni kwamba mara ya pili jirani wa chini hakusikia kitu.

Hiyo njia ya pili ndiyo iliyotokea Gelai kabla ya tarehe 17.

Tumejuaje? Vitu viwili vilikutana kwa bahati nzuri sana. Mwaka huohuo kulikuwa na vipimo vya muda vya matetemeko vimetawanywa kaskazini mwa Tanzania na watafiti waliokuwa na kazi zao nyingine kabisa, kwahiyo mitikisiko ilirekodiwa kwa karibu. Na juu angani kulikuwa na setilaiti ya Ulaya, Envisat, inapita na rada. Rada haipigi picha ya rangi, inatuma wimbi chini na kupima linavyorudi. Ukichukua mpito wa kabla na mpito wa baada ukavilinganisha, kila mahali ambapo ardhi imesogea karibu au mbali na setilaiti wimbi linarudi limepishana kidogo, na hiyo tofauti unaichora kwa rangi, zinatokea pete pete kama za kitunguu kilichokatwa. Kwa Envisat kila pete moja ni kama sentimita 2.8 za kusogea. Unahesabu pete tu. Kitu cha sentimita kwenye mlima wa karibu mita 3,000 kinapimwa kutoka umbali wa kilomita karibu 800, na mimi nilikuwa nahesabu kwenye ndoo!

Zile picha zilipochambuliwa, na matokeo yakachapishwa 2008, ilionekana kwamba mpaka kufikia lile tetemeko kubwa ardhi ya Gelai ilikuwa imeshasogea makumi ya sentimita kwenye ufa wa kuteremka ulioko chini ya mlima. Matetemeko yaliyotokea mpaka siku hiyo yalikuwa madogo sana kuweza kueleza mwendo wote huo. Ukijumlisha yote, hesabu haifiki. Maana yake ufa uliteleza polepole, kwa siku kadhaa, njia ya sabuni, na vile vitetemeko vilikuwa ni kona kavu za hapa na pale zinazokwaruza wakati kabati lote linatembea. Mimi kila nikirudia hiki kipande huwa nasimama kidogo. Kuna siku katika zile siku, nimekaa kibarazani nashukuru leo kumetulia, na mlima mzima kilomita 100 kaskazini kwangu unashuka.

Kwanini uliteleza hivyo na haukuruka? Unga wa kwenye ufa ukiwa na udongo wa mfinyanzi unateleza. Maji na gesi vikiwa na shinikizo ndani ya ufa vinasukuma pande mbili ziachane kidogo, msuguano unapungua. Joto likiwa jingi jirani, mwamba unalegea. Natron hivyo vyote vipo, chemchemi za moto zimejipanga pembezoni mwa ziwa, na gesi ya kaboni dioksaidi inapanda kwa wingi kutoka chini kabisa ikitumia nyufa hizohizo kama mabomba.

Kisha ikaja hatua ya pili, na hapa ndipo magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inaingia. Ufa ulipoteleza ulibadilisha mbano wa mwamba wa jirani. Fikiria fundi wa vyuma amebana bomba kwenye jiliwa, akizungusha mkono wa jiliwa robo duara kulegeza, lile bomba ambalo lilikuwa halichezi linaanza kucheza. Chini ya Gelai kulikuwa na magma iliyobanwa, na ufa ukalegeza jiliwa. Magma haipandi kama maji kwenye bomba la duara. Inapasua mwamba kama kabari kwenye gogo na kukaa ndani ya huo mpasuko, wima, kama ukuta mwembamba mrefu, wataalamu wanaita daiki. Daiki ya Gelai ilikuwa na urefu wa kama kilomita 7 au 8 na ilisukuma mwamba ukaachana kama mita 2. Haikufika juu, iliishia chini kwa chini ikaganda. Hakuna mtu aliyeona hata tone la lava Gelai.

Lakini juu ilionekana kwa namna nyingine. Daiki ikipanua mwamba chini, ardhi ya juu inavutwa pande mbili na katikati inakosa kushikiliwa. Kama umewahi kulala kwenye magodoro mawili yaliyounganishwa unajua, yakiachana usiku shuka linazama katikati. Upande wa kusini wa Gelai kulitokea mkanda wa ardhi umeshuka kati ya nyufa mbili sambamba, na zile nyufa za pembeni ni nyufa kabisa zinazotembea, mpya au zilizoamshwa, zimekata udongo mpaka juu. Kwahiyo kwenye tukio moja una ufa ulioalika magma na magma iliyotengeneza nyufa. Ukiuliza nani kaanza, kwa usomaji huu wa data jibu ni ufa, ila baada ya hapo wanasukumana wenyewe kwa wenyewe.

Hata mpangilio wa matetemeko ulikuwa unatuambia kama tungejua kusikiliza. Tetemeko la kawaida la ufa kavu linaanza na kubwa halafu madogo yanafuata yakipungua siku hadi siku. Gelai ilianza na madogo, yakaongezeka, kubwa likaja siku kadhaa baadae katikati ya kundi, na mengine yakaendelea mpaka Agosti. Kundi la namna hiyo lisilo na mkubwa wa kuongoza huwa ni dalili kwamba kuna kitu kinasukuma kwa muda mrefu, magma au maji au ufa unaoteleza.

Sasa ile mita 2. Nilifanya hesabu ya kwenye karatasi. Kama bonde linavutwa milimita 3 kwa mwaka, mita 2 ni mvuto wa miaka zaidi ya 600. Sio kwamba lazima kila miaka 600 litokee hapo hapo, bonde lina nyufa nyingi na zinagawana, lakini inakupa picha ya ukubwa wa kitu. Mvuto uliokuwa unawekwa tangu enzi Kilwa ina masultani wake, umelipwa ndani ya wiki chache na sisi tumekaa tunakunywa chai.

Kilichowashangaza wataalamu zaidi sio ukubwa. Miaka miwili kabla, Septemba 2005, huko Afar Ethiopia, daiki ya kilomita 60 iliingia na kupanua ardhi mpaka mita 8, hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko ya kwetu. Lakini Afar bonde ni zee, ganda limekonda, magma iko karibu, inategemewa. Natron bonde ni changa, ganda bado nene na gumu, na picha iliyokuwepo ni kwamba bonde changa linapanuka kwa nyufa kubwa peke yake, magma inakuja kusaidia baadae. Gelai ikaonyesha kwamba magma inasaidia tangu mwanzo kabisa. Tukio la wiki chache likabadilisha mlolongo uliokuwa unafundishwa.

Na Lengai? Lengai ni volkano ya pekee, lava yake ni ya kaboneti yenye sodiamu, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi, inatiririka kama oili ya gari na ikipigwa na unyevu inageuka nyeupe. Miaka mingi kabla ya 2007 ilikuwa inamwaga polepole ndani ya kreta na kufurika pembeni, haina madhara makubwa kwa mtu. Tarehe 4 Septemba 2007, wiki kama 7 baada ya lile kubwa la Gelai, ikabadilika, ikaanza kulipuka na kurusha majivu kilomita nyingi juu, na ikaendelea kwa vipindi mpaka mwaka uliofuata. Malisho yakafunikwa, wafugaji wakahamisha mifugo. Kreta iliyokuwa imejaa lava ikabaki shimo refu. Maelezo yanayoingia akilini ni yaleyale ya jiliwa, mabadiliko ya mbano yaliyosababishwa na ufa na daiki yalifika mpaka kwenye ghala la magma la Lengai na kulivuruga. Kwahiyo tuliosema Lengai anatutikisa tulikuwa tumemgeuza aliyetikiswa kuwa mtikisaji.

Kuna swali huwa naulizwa kila nikieleza hili, mbona Gelai 5.9 na hakuna msiba mkubwa, na Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 pia ilikuwa 5.9 na watu wasiopungua 17 walifariki, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka? Namba inapima mwachio wa nguvu kwenye chanzo, haipimi kilichokuwa juu yake. Gelai juu kulikuwa na nyika na maboma yaliyotawanyika, nyumba za fito na udongo zinazocheza na mtikisiko. Bukoba juu kulikuwa na mji, na tofali ambazo hazikufungwa nondo wala mkanda wa zege. Tetemeko lenyewe Bukoba lilikuwa chini zaidi, kama kilomita 40, kitu kilichosambaza mtikisiko kwenye eneo pana, na hakukuwa na ufa uliojitokeza juu wa kuonyesha kwa kidole. Hilo linaniuma kuliko yote kwenye mada hii, kwasababu mkanda wa zege juu ya madirisha sio teknolojia ya ajabu, fundi yeyote wa mtaani anaujua, mtu anauruka kupunguza gharama ya mifuko michache ya saruji kwenye nchi ambayo mwaka 1910 kule Rukwa ilipata tetemeko la zaidi ya 7.

Mwaka 2009 nilipata lifti ya pikapu ya watu waliokuwa wanapeleka mabomba ya maji upande wa Gelai, nikaomba wanishushe nione hizo nyufa. Tulikutana na mzee wa Kimaasai anachunga mbuzi, nikamwamkia shikamoo, akaniuliza natafuta nini huku, nikamwambia natafuta pale ardhi ilipopasuka mwaka ule wa matetemeko. Hakushangaa. Akasema twende kijana, akatangulia.

Ufa wenyewe nilitegemea shimo la kutisha. Ulikuwa mstari kwenye majani, sehemu nyingine umeshajaa udongo na kinyesi cha mbuzi, sehemu nyingine bado umeachama upana wa kiganja. Mzee akachomeka fimbo yake ikaingia mpaka akainama na mkono. Lakini alichotaka nikione sio hicho. Alisimama upande wa juu, akaniambia nisimame upande wa chini, akaweka ubapa wa mkono kwenye goti lake kisha akaupeleka sawasawa mpaka kwangu, ukanigusa karibu na kiuno. "Hapa palikuwa sawa," akasema. "Mimi nimechunga hapa tangu mtoto, palikuwa sawa kabisa."

Nilitazama ule mstari unavyokwenda, unapanda kilima kidogo, unashuka upande wa pili, haujali korongo wala mti, umenyooka tu kuelekea kule ilikolala daiki chini. Udongo ulikuwa umeshaanza kumomonyoka kwenye ukingo. Ule mwanya, mvua chache zingeufukia wote, ila ile ngazi ingebaki. Mbuzi walikuwa wameshaizoea, walifika ukingoni wanaruka mmojammoja, na mahali ambapo udongo ulikuwa umeporomoka zaidi palikuwa pameshatokea kijia chao.